JAMVI LA WALIMU: Alhamisi ya kahawa na maiki isizimwe

Mwezi uliopita hapa jamvini tuliongea juu ya watoto wanaokosa shule siku ya resheni, na wengi mlitujibu kwa mdomo na kwa barua. Asanteni sana. Mwezi huu tunaleta jambo lingine, na tunaomba mlisome mpaka mwisho kabla hamjakata shauri.

Mnaijua ile hoteli ya kahawa ya mama wa Kiethiopia, pale karibu na kinyozi. Kila Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni, mama anasogeza viti, vijana wanafunga spika moja kwenye betri ya sola, na maiki inakuwa ya yeyote anayetaka kuimba, kupiga gitaa au kughani shairi. Sasa wapo wazee wa bloku wanaosema jioni hiyo ifungwe. Kikao chao ni mwisho wa mwezi huu. Sisi walimu wa kujitolea huwa tunasaidia kuandika majina pale, kwa hiyo tumeona tuseme tunayoyajua.

Kwanza, utaratibu. Mlangoni kuna daftari. Ukifika unaandika jina lako, na zamu inafuata daftari, si umri wala kabila wala nani anajuana na nani. Kila mtu ana nyimbo mbili zisizozidi dakika kumi. Majina ni kumi tu, basi. Ukipiga hesabu, watu kumi mara dakika kumi ni dakika 100, na zile 20 zinazobaki ni za kahawa na za kuhangaika na nyaya. Saa kumi na mbili kamili spika inazimwa, jua bado halijazama. Hakuna kiingilio, na mwimbaji halipwi. Mwenye hela ananunua kikombe, asiye nayo anakaa tu.

Kahawa yenyewe inasaidia kupanga jioni. Si mnajua Waethiopia hawanywi mara moja wakaondoka. Buni inakaangwa mbele yenu, inatwangwa, inachemshwa kwenye jebena ya udongo, halafu inamiminwa mara tatu. Ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, na ya tatu ni baraka, neno tunalolijua wote. Kwa hiyo wanaojifunza wanaimba wakati wa abol, waliozoea wakati wa tona, na baraka ni ya wazee. Mtu akiondoka kabla ya baraka anaonekana hana adabu, na hivyo hata vijana wanabaki kuwasikiliza wazee.

Sasa malalamiko. Tumeyasikia matatu.

La kwanza ni kelele. Tunasema hivi: spika ni moja, na sheria ya pale ni kwamba mtu akiimba, wengine wananyamaza. Bila kunyamaza, jioni haina maana. Yupo mzee wetu wa Kirundi anayepiga inanga, ile ala ya nyuzi inayofanana na karai refu la mbao. Kwao mwimbaji wa inanga anaweza kunong'ona badala ya kupaza sauti, na mnong'ono unakwenda pamoja na nyuzi. Mkigonga vikombe tu, wimbo umepotea. Siku anapopiga, hata watoto wanaouza karanga wanasimama kimya. Kusema kweli, hatujawahi kupata ukimya kama huo darasani.

La pili ni wasichana. Wazazi wanauliza, binti atafanya nini hotelini na wanaume? Swali hilo ni la haki, hatulipuuzi. Ndiyo maana benchi la mbele ni la akina mama, na msichana wa shule haandikwi kwenye daftari kama hakuja na mama, shangazi, dada au kaka. Lakini tukumbuke pia kwamba kwetu sote wanawake ni watunzi. Wasomali wana buraanbur, ushairi wa wanawake wenyewe. Wakongomani, nani huongoza kwaya zenu kama si akina mama? Ukimfungia binti nyumbani Alhamisi, shida haijaondoka, ila utakuwa umemnyima mahali ambapo angeimba huku mamake anamtazama.

La tatu ndilo zito. Miezi michache iliyopita kijana mmoja aliimba wimbo wa vita wa kwao. Yeye alisema ni wimbo wa zamani tu. Waliokaa nyuma waliusikia kama tusi kwa ndugu zao waliokufa. Watu walisimama, kiti kikarushwa. Mama mwenye hoteli akaondoa jebena kwenye makaa akasema, leo hakuna baraka, nendeni nyumbani. Hakuna aliyeumia, lakini wote tulijua ingeweza kuwa vibaya.

Wiki iliyofuata sheria mpya iliwekwa: anayeimba kwa lugha yake anaeleza kwanza kwa Kiswahili wimbo unasema nini, na kama yupo mwingine anayejua lugha hiyo, anathibitisha. Tangu hapo hatujaona ugomvi. Na imeleta faida ambayo hatukuitegemea. Tumejua sasa kwamba kijana wa Kidinka anaweza kumtungia ng'ombe wake dume wimbo mzima wa sifa. Jirani zetu Waturkana walicheka kwa furaha, maana nao wana nyimbo kama hizo! Miaka yote tumechota maji bomba moja na hatukujua hilo.

Wengine wanauliza, muziki utawapa nini watoto wetu? Wacha tutoe mfano. Wakati wa vita vya Sierra Leone, vilivyoanza 1991 na kuisha 2002, wakimbizi waliokuwa kambini nchini Guinea, wakiongozwa na Reuben Koroma, walianza kuimba pamoja. Walipewa msaada wa magitaa mawili mabovu na maiki moja. Wakajiita Refugee All Stars. Filamu juu yao ilitoka 2005, albamu yao 2006, na walizunguka dunia. Kule Nashville, Marekani, kuna hoteli ndogo inaitwa Bluebird Cafe, ilifunguliwa 1982, ina viti kama 90. Nayo imekuwa na jioni ya maiki ya wote, kwa majina na kwa zamu, na wasikilizaji huambiwa wanyamaze. Garth Brooks na Taylor Swift waliimba Bluebird kabla dunia haijawajua.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Wengi wa wanaoimba pale kwa mama hawatapanda ndege kwa sababu ya wimbo. Faida tunayoiona sisi ni ya karibu zaidi. Tuna mwanafunzi mwenye kigugumizi. Darasani akiulizwa swali anakwama, wenzake wanacheka, na nyumbani walidhani ni ukaidi. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, na yeye ni hivyo. Aliimba nyimbo mbili bila kusita hata mara moja. Mamake alikuwa benchi la mbele. Siku hizi akikwama darasani, wenzake wanamsubiri amalize, kwa sababu wameshasikia kwamba maneno anayo.

Kwa hiyo ombi letu kwa wazee wetu, kwa heshima zote: msikate shauri kwa habari za kusikia. Kabla ya kikao zimebaki Alhamisi mbili. Njooni, kaeni mpaka baraka. Mkiona sheria haitoshi, ongezeni. Mkitaka mzee mmoja wa kila bloku akae mlangoni na daftari, sisi tutampisha kiti. Lakini wakiondolewa pale, vijana hawatalala mapema. Watakwenda kukaa gizani kule mtoni, ambako hakuna mama, hakuna daftari, wala wa kuwaambia nyamaza.

Na ninyi wazazi, mtoto akisema anataka kuimba, msimjibu eti huo ni uhuni. Mwulizeni wimbo unasema nini.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.