Samaki wapya nyumbani: maji yaive kwanza, samaki wafuate

Mtoto aliyeahidiwa samaki hana subira. Akifika dukani anawataka wote: yule wa dhahabu mwenye mkia mpana, yule wa bluu aliyewekwa peke yake, na wale wadogo wenye mikia ya rangi rangi. Mzazi naye, ili siku isiharibike kwa kilio, analipia wote pamoja na tangi, filta na chakula. Jioni tangi linajazwa maji ya bomba, mifuko inafunguliwa na nyumba nzima inakaa kutazama. Wiki haijaisha, samaki wanaanza kuelea juu mmoja baada ya mwingine, na mtoto anauliza kimewaua nini.

Lawama humwangukia muuzaji kwamba ameuza samaki wagonjwa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi wauaji ni wawili, na wote wangeweza kuzuiwa kabla ya pesa kutoka mfukoni: maji ambayo hayajawa tayari, na samaki wasiofaa kukaa pamoja.

Maji meupe si lazima yawe salama

Samaki hula, hujisaidia na hupumua ndani ya maji yaleyale. Uchafu wao na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Kwenye tangi lililokaa muda mrefu, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Kwa hiyo tangi linunuliwe kwanza, lijazwe maji, filta iwashwe mchana na usiku, na chakula kidogo kitiwe kila siku kana kwamba samaki wapo. Jirani mwenye samaki wazima akitoa kipande cha sponji yake ya zamani, kazi huenda haraka zaidi. Maduka mengine ya samaki huuza vipimo vya maji. Ikiwa chakula bado kinatiwa na vipimo vinaonyesha amonia na nitriti ni sifuri, tangi liko tayari.

Maji ya bomba yenye klorini yasimwagwe moja kwa moja. Yakikaa saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi, klorini ya kawaida hupungua sana, ingawa dawa ya kuondoa klorini ni ya uhakika zaidi.

Nani akae na nani

Uzuri wa rangi haumwambii mzazi kitu kuhusu tabia. Beta, yule wa mapezi marefu anayeuzwa peke yake, hakutengwa kwa bahati mbaya. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana hadi mmoja aumie vibaya au afe. Hata gapi mwenye mkia mkubwa anaweza kushambuliwa kwa kudhaniwa ni mpinzani.

Samaki wa dhahabu ni mpole, ila hupenda maji ya ubaridi kidogo, huchafua maji sana, na akitunzwa vizuri anaweza kupita sentimita 20. Bakuli la mviringo si makazi yake. Na samaki mdogo anayeenea mdomoni mwake anaweza kuwa mlo.

Mbuna wa Ziwa Nyasa, wanaopendwa na wafugaji duniani kote kwa rangi zao za njano na bluu, huishi kwenye miamba na kila mmoja hulinda eneo lake. Hawafai kuchanganywa na samaki wapole.

Gapi hukaa vizuri wengi pamoja, lakini jike huzaa watoto walio hai takriban kila mwezi, na akishapandwa mara moja anaweza kuzaa tena na tena bila dume. Familia isiyotaka tangi lifurike inunue madume pekee.

Mgeni asiingie kwa pupa

Samaki anayeongezwa kwenye tangi lenye wenyeji akae kwanza wiki 2 hadi 4 kwenye chombo chake chenye filta ndogo, ili ugonjwa kama upo ujionyeshe. Siku ya kuhamishwa, mfuko wake uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha atolewe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje. Waongezwe wachache wachache, kwa kuwa bakteria nao wanahitaji muda kumudu uchafu wa ziada. Wenyeji wakimwandama mgeni, mawe na mimea vipangwe upya na taa izimwe. Kila mmoja akianza kutafuta eneo upya, ugomvi hupungua.

Kazi ya mtoto na kazi ya mzazi

Mtoto anaweza kulisha, ila apimiwe: kiasi kinachomalizwa ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mkono mwepesi wa mtoto mwenye huruma umeua samaki wengi kuliko njaa. Akishagusa maji ya tangi anawe mikono kwa sabuni, na mwenye kidonda asiingize mkono.

Umeme ni wa mtu mzima. Uzito nao ni wake: tangi la lita 60 lina kilo 60 za maji peke yake, na meza dhaifu yenye mtoto anayejifunza kusimama pembeni yake ni hatari. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na sponji isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini, kwani maji ya bomba huua bakteria walioleta uzima.

Samaki akifa, mtoto aambiwe ukweli. Kumbadilisha kimyakimya usiku kwa mwingine anayefanana naye humfundisha mtoto kutoamini, siku akigundua. Na samaki wakizidi, wasipelekwe mtoni wala ziwani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Arudishiwe muuzaji au apewe mfugaji mwingine.

Wiki zile za kusubiri si adhabu. Kalenda ikitundikwa karibu na tangi tupu, mtoto aweke alama kila siku na kusoma vipimo pamoja na mzazi. Siku ya kurudi dukani atakuwa anajua aulize nini, na ni samaki gani wa kumwacha palepale.