Farasi Aliyetangulia Kukomaa

Kila mwaka, majira ya vuli, hufanyika huko Marekani mashindano makubwa ya farasi wenye umri wa miaka miwili, yaitwayo Breeders' Cup Juvenile. Farasi ashindaye husifiwa mno, na watu huanza kumtabiria ushindi katika Kentucky Derby, mashindano ya farasi wa miaka mitatu yafanyikayo mwezi wa Mei unaofuata. Lakini utabiri huo hutimia kwa nadra. Tangu mwaka 1984 mashindano hayo ya vijana yalipoanzishwa, hata mwaka 2024, walipatikana washindi 41. Katika hao, waliokuja kutwaa Kentucky Derby ni wawili tu: Street Sense mwaka 2007, na Nyquist mwaka 2016.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa Arazi, farasi aliyefunzwa Ufaransa. Mwaka 1991 alianza karibu nyuma ya wote, akawapita wenzake mmoja mmoja kana kwamba wamesimama, akashinda kwa urahisi. Baada ya hapo alipasuliwa magoti. Mwezi wa Mei 1992 alirudi katika uwanja ule ule wa Churchill Downs, akiwa ameshindana mara moja tu mwaka huo, na watu wakamwekea dau kuliko farasi mwingine yeyote. Alimaliza wa nane. Mshindi alikuwa Lil E. Tee, ambaye wachache walimtazamia.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya umri. Katika nchi za kaskazini ya dunia, farasi wote wa mbio huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari. Basi aliyezaliwa mwezi wa Februari na aliyezaliwa mwezi wa Mei huitwa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake miezi mitatu. Kwa farasi wa miaka miwili, miezi hiyo ni mingi, kwa kuwa mkubwa amekwisha kupata nguvu ambazo mdogo bado hana. Mwaka ufuatao tofauti hiyo hupungua. Tena wako waliozaliwa siku moja, lakini mmoja hukomaa mapema na mwingine hukawia. Mfugaji wa ng'ombe hulijua jambo hili: ndama anayewazidi wenzake leo huenda wakamfikia kesho.

Sababu ya pili ni urefu wa mbio. Farasi wa miaka miwili hushindana zaidi katika mbio fupi, ambazo humpendelea mwenye kasi. Kentucky Derby ni maili moja na robo, na Derby ya Epsom, huko Uingereza, ni karibu maili moja na nusu. Hapo kasi peke yake haitoshi, hutakiwa na pumzi.

Sababu ya tatu ni miguu. Mifupa ya farasi kijana haijakomaa, na bidii ile ile inayomletea sifa yaweza kumletea maumivu. Akipumzishwa miezi miwili au mitatu, wenzake huendelea kujifunza na kukua. Tena washindani wake wapya ni wengi, kwani farasi kadhaa wenye uwezo huwa hawajaonekana kabisa uwanjani wakati yeye anapovikwa taji.

Hata hivyo, ushindi wa mapema si laana. Secretariat alikuwa bingwa mwaka 1972 akiwa na miaka miwili, na mwaka 1973 alitwaa mashindano yote matatu makubwa ya Marekani, la mwisho akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Farasi wa namna hiyo wapo, ila ni wachache.

Kwa hiyo, taji la miaka miwili huonyesha ni nani aliyewahi. Halionyeshi kwa hakika ni nani aliye bora. Mwenye farasi akilisahau hilo, hupoteza fedha zake, na pengine miguu ya mnyama wake. Wahenga walisema: mbio za sakafuni huishia ukingoni.