Kipupwe si Jina la Kila Baridi

Mwandishi wa Kiswahili anayesimulia matembezi ya mwezi wa Januari katika kasri la wafalme wa Uchina jijini Beijing, lile liitwalo Mji Uliokatazwa, hupata taabu kabla hata hajavuka lango. Majira hayo ayape jina gani? Aghalabu hukimbilia kipupwe. Hali kipupwe cha Waswahili ni ubaridi wa Juni hadi Agosti hivi, wakati wa kusi, ubaridi wa kujitanda shuka alfajiri. Januari pwani huvuma kaskazi, na kaskazi ni joto.

Kwa msomaji wa Garissa mambo huwa mazito zaidi. Januari yake ni jilaal, majira makavu ya Wasomali yafuatayo mvua za deyr, ambapo malambo hukauka na mifugo huswagwa kuelekea Mto Tana. Ajabu ni kwamba zipo kamusi zinazoifasiri jilaal kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo wengine hulifasiri kuwa kipupwe. Mwanafunzi wa Garissa akiziamini zote, ataamini kwamba theluji iliyotanda juu ya mapaa ya manjano ya Beijing ni jilaal ya kwao!

Wapo watakaodai kwamba maneno hupanuka maana, na kwamba lugha isiyotanuka hufa. Ni kweli. Lakini neno linalopanuliwa hadi lisimwonyeshe msomaji kitu chochote limemfaa nani?

Kasri lenyewe lina jibu zuri zaidi. Lilijengwa kati ya 1406 na 1420, likawa makumbusho mwaka 1925, na katika nyua zake ingali imesimama mitungi mikubwa ya shaba na chuma. Majengo yake ni ya mbao, kwa hiyo mitungi hiyo iliwekwa maji ya kuzimia moto. Baridi ilipoingia, watumishi waliifunika na kuivika magodoro ya pamba, na ilipozidi wakakoka moto chini yake ili maji yasigande. Naam, moto wa kulinda maji ya kuzimia moto. Msafiri anayepita hapo akajipiga picha tu, kisha akaandika kwamba kulikuwa na kipupwe kikali, ameacha insha yake uani.

Maana msomaji wa Garissa angeuelewa mtungi huo mara moja. Anayajua majira yanayowanyima watu maji, na anajua kazi ya kuyalinda machache yaliyobaki. Aambiwe tu kwamba ni majira ya baridi, kisha aonyeshwe maji yaliyogeuka jiwe. Na yeye naye atakapoandika insha ya Januari ya kwao, aiandike jilaal, pasi na mwalimu kulipigia neno hilo mstari mwekundu na kumwandikia kipupwe pembeni.