Inchi Moja ya Mustang

Mustang ya 1965 ilikimbia vyema penye njia iliyonyooka. Penye kona ililala upande kama jahazi. Mafundi wa Carroll Shelby, walipounda GT350 mwaka huohuo, walitia shokomzoba za Koni, kisha wakatoboa matundu mapya ili mikono ya juu ya magurudumu ya mbele ishuke inchi moja. Inchi moja tu! Gari likashika kona.

Leo wako wanaong'oa mfumo wote wa mbele na kupachika wa kisasa. Siwaungi mkono. Nimesahihisha tungo za wanafunzi miaka mingi: ubeti uliopelea mizani hutengenezwa kwa neno moja, haufutwi. Gari lao huenda likawa zuri, ila u-Mustang wake umebaki kwenye bati.