Gawa vitabu, lakini usiifichie serikali aibu!

Ndugu msomaji, siku hizi kila ukigeuka unakutana na kijana anayejitolea kukusanya vitabu vya watoto. Anabisha hodi ofisini kwako, anapita madukani, anapita nyumba hadi nyumba akiomba kitabu kimoja kimoja. Jumamosi anajitwika boksi, anapanda daladala kwa nauli yake mwenyewe na kwenda kuvigawa shuleni. Halipwi hata senti tano. Wapo wanaomcheka na kumwita mtafuta posho. Tunasema wamwache!

Tena tunakuomba nawe umsaidie. Mwandishi wa makala haya aliishia kidato cha nne na anajua maana ya kusoma kitabu kimoja watu watano, aliyekaa pembeni akikisia tu mwalimu yuko ukurasa gani. Mtoto wa namna hiyo ukimwachia kitabu cha hadithi mikononi, chake peke yake kwa juma zima, utashangaa. Anakisoma, anakirudia, kisha anamsomea mdogo wake.

Lakini usikubali kuambiwa kwamba nchi hii haina fedha za vitabu. Unaikumbuka chenji ya rada? Serikali ya chama tawala ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Hata Clare Short, aliyekuwa waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga ununuzi huo. Watawala wetu hawakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Desemba 2010 mahakama moja ya London iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kutoweka sawasawa hesabu za malipo ya wakala wa biashara hiyo. Kampuni ikakubali pia kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha zikaja mwaka 2012, na zilipelekwa wapi? Kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi! Yaani mtoto wa mlalahoi alisubiri wakubwa waumbuliwe Ulaya ndipo apate kitabu. Kama zisingerudi je?

Na vitabu vyenyewe vilikuwa na mambo yake. Mwaka 2013 James Mbatia, mbunge wa NCCR-Mageuzi, aliwasha moto bungeni kwa hoja binafsi juu ya udhaifu wa elimu yetu, vikiwemo vitabu vilivyojaa makosa huku vimepewa ithibati na serikali. Mwaka huo huo kamati iliyokuwa ikitoa ithibati ikavunjwa. Upinzani ukisema, huwa unaitwa kelele.

Turudi kwa wewe unayejitolea, maana hata kujitolea kuna hila zake. Tumefika katika shule moja, jina tunalihifadhi, na kukuta vitabu vya msaada vimepangwa kabatini, kabati limetiwa kufuli, vumbi juu. Usikimbilie kumtukana mwalimu mkuu. Yule bwana amevitia saini. Akija mkaguzi na kukuta vimepungua viwili ataandika barua ya kujieleza, lakini hakuna atakayemwandikia barua kwa sababu watoto hawakuvisoma. Kwa hesabu hiyo hata wewe ungefunga. Basi unapokabidhi vitabu, mwambie mbele ya walimu wenzake na kamati ya shule kwamba hivi ni vya kuazimwa kwenda nyumbani, kwamba vitachakaa na vingine vitapotea, na kwamba hutamdai. Acha daftari la kuazima na umchague mwanafunzi wa kulishika. Kisha rudi baada ya miezi miwili. Wengi hupiga picha na wasionekane tena!

Jambo jingine ni lugha. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, lakini fungua maboksi ya msaada uone: Kiingereza kitupu, theluji na watoto wanaopanda treni za chini ya ardhi. Hatulibezi shirika kama Book Aid International la Uingereza, ambalo limekuwa kwenye kazi hii tangu 1954 na maktaba zetu zimenufaika nalo. Tunachosema ni kwamba mtoto wa darasa la pili anahitaji kwanza kitabu anachokielewa. Njia ipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, uliwaendea waandishi na wachapishaji wa hapa hapa. Kitabu kikiandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa, mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni na kwenye maktaba, na zilizobaki mchapishaji akaziuza mwenyewe. Mtoto alipata kitabu, mwandishi alipata ugali, na mtambo wa kuchapa haukulala. Ukiwa na elfu kumi za kuchangia, usihangaike kugharamia mzigo wa bandarini. Nenda duka la vitabu ukanunue hadithi za Kiswahili.

Mwisho ni hili la siku ya kukabidhi. Utaletewa mgeni rasmi. Atashuka kwenye shangingi, atakata utepe wa vitabu ambavyo hakutoa hata kimoja, na atahutubia nusu saa akisifu juhudi za serikali. Wewe uliyebeba boksi utasimama nyuma ya watoto, juani. Akimaliza, nyoosha mkono kwa adabu umuulize, wazazi wakisikia: mheshimiwa, mwaka huu shule hii imepokea vitabu vingapi kutoka serikalini, na kwa watoto wangapi?