Hiyo "Hoteli ya Familia" ya Ugiriki Niliiandika Nikiwa Zimmerman

Wasee, leo naungama.

Kama umewahi kukaa na simu usiku ukitafuta hoteli ya kupeleka watoto kwa kisiwa cha Ugiriki, na ukapata orodha inayosema "Hoteli 10 Bora kwa Familia Santorini", kuna uwezekano mkubwa mwenye aliandika hajawahi kuona hata bendera ya Ugiriki live. Kuna uwezekano alikuwa Zimmerman, gorofa ya nne, stima imepotea, laptopu iko na chaji asilimia 11. Kuna uwezekano alikuwa mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kabla nianze kuongea mbele ya kamera, hiyo ndiyo kazi ilikuwa inanilipia renti. Mteja anatuma kichwa, wewe unaandika maneno elfu moja, unalipwa shilingi 400. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, neno "inafaa familia" litokee angalau mara tano. Ya pili, usiseme kitu kibaya juu ya hoteli yoyote, juu mtu akibonyeza na kulipia chumba, mteja anapata kamisheni. Hakuna mahali niliulizwa, "Umefika?" Hakuna mahali niliulizwa, "Una mtoto?"

Sasa unaandikaje hoteli hujaiona? Rahisi. Unafungua orodha zingine tano, unachanganya kama githeri, unabadilisha maneno. Na hizo orodha tano nani aliandika? Msee mwingine kama mimi, Kahawa ama Manila, naye alifungua zingine tano. Tulikuwa tunanakiliana kama darasa lenye hakuna mtu alisoma, na mtihani ni wa mtu mwingine.

Mtihani wenyewe ukaangukia shangazi yangu.

Shangazi ako Ujerumani, anafanya kazi ya kutunza wazee. Zamu za usiku, mgongo umeisha, na kila mwezi lazima kuna mtu huku nyumbani anamtumia ile meseji ya "Anti, kuna kitu kidogo". Mwaka juzi akaamua kwamba wanawe watatu, wa miaka 9, 6 na 2, lazima waone bahari kabla wazeeke. Kwa sababu ana kibali cha kuishi Ujerumani, anaingia Ugiriki bila kuomba viza. Akanipigia akiwa na furaha: "Si wewe ndiye huandikanga mambo ya mahoteli? Nichagulie moja ya watoto." Aki mimi nikajiskia mkubwa. Nikamtumia namba mbili kwa orodha yangu mwenyewe.

Hiyo hoteli sitaitaja. Shida haikuwa hiyo hoteli, shida ni hilo neno.

Santorini ni mdomo wa volkano. Zile picha zote unaziona, nyumba nyeupe zimening'inia juu ya bahari ya bluu, ni nyumba zimejengwa kwa ukingo wa jabali. Kutoka mji wa Fira kushuka hadi bandari ya zamani ni ngazi zaidi ya 500. Hoteli nyingi za ukingoni hazina lifti, zina ngazi za mawe, na nyingi hazikubali watoto wadogo kabisa. Yao "ilikubali". Shangazi alifika na kigari cha mtoto na masanduku matatu, akahesabu ngazi 90 kutoka barabarani hadi mlangoni. Chumba cha familia kilikuwa kitanda kimoja kikubwa na kochi la kufungua. Bwawa la kuogelea lilianza moja kwa moja na kina cha mtu mzima, bila sehemu ya watoto, bila ua, hatua kumi kutoka mlango wao.

Siku ya tatu yule wa miaka miwili akatumbukia.

Mamake alimrukia na nguo zote, na viatu. Mtoto akakohoa maji, akalia, akapona. Usiku huo shangazi akanipigia. Hakunifokea. Aliniuliza tu, kwa ile sauti ya mtu amechoka: "Kumbe wewe hujawahi fika?"

Manze, ningependa angenitukana.

Na hapa ndipo nataka tupigane kidogo na hii biashara yote. Kusema hoteli "inafaa familia" si habari. Ni kama ajenti wa ploti akikuambia shamba liko "dakika tano kutoka lami". Sisi watu wa Nairobi tunaujua huo wimbo. Dakika tano za nani? Za helikopta? Hakuna mtu huku hununua ploti kwa neno la ajenti. Unapanda matatu, unaenda, unakanyaga, unauliza mama wa kibanda kama maji hufika na kama mvua ikinyesha gari hupita. Lakini mtu huyohuyo akitafuta hoteli anaona neno moja na picha ya mtoto ameshika aiskrimu, anatoa akiba ya mwaka mzima.

Nyota nazo? Ugiriki hoteli hupangwa kwa nyota moja hadi tano, na nyota zinahesabu vitu na huduma za hoteli. Hazihesabu kama mtoto wako atateleza. Hoteli ya nyota tano inaweza kuwa jela kwa mtoto wa miaka miwili, na nyumba ya vyumba sita ya mama mmoja mwenye kuku nyuma ya nyumba ikawa paradiso.

Tena hiyo stori ya "klabu ya watoto". Nyingi huanza miaka minne. Ukiwa na wa miaka miwili, umelipia kitu mtoto wako anatazama kupitia dirisha. Na ukweli ni kwamba Ugiriki yenyewe inapenda watoto kuliko hizo klabu. Huko familia hula saa tatu, saa nne usiku, watoto wanakimbizana katikati ya meza za taverna, nyanya zao wako, na hakuna mtu anakunja uso. Ukitaka mtoto wako afurahi huko, mpeleke penye watu wenyewe wamekaa na watoto wao.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Wewe hujafika Ugiriki mpaka leo, unatufunza nini?" Swali poa. Sijafika. Mimi na pasipoti yangu ya Kenya ombi la viza pekee ni euro 90, na wakinikataa hairudishwi. Lakini hiyo ndiyo inaniuma zaidi: vitu vyote vilivyomuumiza shangazi ningevijua nikiwa hapohapo Zimmerman, kitandani, na bando ya shilingi 50. Ramani iko. Picha za wageni ziko. Email ya hoteli iko. Sikuangalia juu shilingi 400 haikuwa inalipia kuangalia.

Kwa hivyo wacha niwape deni langu. Bure.

Anza na kisiwa, hoteli baadaye. Hapo ndipo orodha zote hukosea, juu kila orodha huanza ukiwa ushachagua Santorini. Visiwa si sawa. Naxos iko na fuo za mchanga kama Agios Prokopios na Plaka. Kos, upande wa kaskazini, ni tambarare mpaka watu huzunguka na baiskeli, na ufuo wa Tigaki maji yake huenda mbali yakiwa bado kwa magoti. Krete ni kubwa, unahitaji gari, lakini ina hospitali kubwa na viwanja vya ndege vya kimataifa viwili, Heraklion na Chania. Santorini nayo mchanga wake maarufu wa Kamari na Perissa ni mweusi, mchana unachoma nyayo kama jiko. Ni pazuri, sibishi. Ni pazuri kwa wapenzi wawili wasio na kigari.

Halafu hesabu safari yote, usiishie kwa ndege. Meli ya kawaida kutoka Piraeus hadi Naxos ni kama saa tano. Na Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, unavuma Bahari ya Aegean siku kadhaa mfululizo. Ukizidi, meli hazitoki bandarini. Jiulize utakaa wapi na watoto watatu siku hiyo.

Ukifika kwa hoteli sasa, wacha maneno, uliza namba. Ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlango wa chumba? Bwawa lina kina gani pale lina kina kidogo zaidi, na lina ua? Vitanda vya kweli ni vingapi, ukitoa kochi? Kuna mlango kati ya watoto na wazazi? Kuna friji na jiko? Jiko dogo la kuchemshia maziwa saa kumi usiku ni bora kuliko mlima wa keki za kiamshakinywa. Ufuoni ni mita ngapi kwa kutembea, na hiyo barabara iko na njia ya miguu?

Uliza pia ile pesa orodha hazitajangi. Ugiriki hutoza ada ya tabianchi kwa kila chumba kila usiku, unalipa hukohuko hotelini. Tangu 2025, kuanzia Aprili hadi Oktoba, nyota moja na mbili ni euro 2, nyota tatu euro 5, nyota nne euro 10, nyota tano euro 15. Familia ikichukua vyumba viwili kwa hoteli ya nyota nne wiki moja, hiyo ni euro 140. Zaidi ya elfu 20 za huku, na hujanunua hata soda.

Na joto usilicheke. Julai 2023 moto wa msituni ulifanya watu kama 19,000 wahamishwe kutoka maeneo ya Rhodes, wengi wao watalii. Orodha yangu ya Rhodes ilibaki vilevile, haikubadilika hata koma moja. "Inafaa familia", mara tano.

Maoni ya wageni soma, lakini usianze na ya sifa. Tafuta mtu alienda na mtoto wa umri wa wako, mwezi ule unaenda. Mtu alilala hapo Mei na mpenzi wake hana chochote cha kukuambia.

Shangazi amerudi kutafuta tena mwaka huu. Nilidhani hataki kuniskia, lakini alinipigia: "Wewe kijana, safari hii tutafuta pamoja, na utafanya kazi." Tukachagua Kos, juu kuna ndege za moja kwa moja kutoka Ujerumani, hakuna mambo ya meli. Tukaandikia hoteli sita maswali yaleyale. Nne zilijibu "tunapenda sana familia!" na smaili. Moja haikujibu. Ya sita, mwenye nyumba akajibu kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika: ngazi mbili tu, bwawa halina ua lakini lango lake linafungwa na kufuli usiku, vitanda vinne, na Agosti upepo ni mkali mchana hadi mchanga unaruka, kwa hivyo watoto waende baharini asubuhi.

Shangazi akasoma hiyo email mara mbili, akalipia hapo.

Mimi nilimwelewa. Huyo ndiye mtu pekee alimwambia kitu kibaya kuhusu mahali pake. Mtu anayekuonyesha ubaya wa nyumba yake hata kabla umlipe, huyo anakuona. Hao wengine wanaona kadi yako ya benki.

Yule mteja wangu wa zamani hanihitaji tena. Siku hizi mashine inamwandikia, na nina uhakika ilisoma zile zangu, na za msee wa Manila. Uongo wetu umepata mfanyakazi halali na halipwi. Hiyo inafaa iwaogopeshe zaidi, si kidogo.

Kwa wenzangu mko bado kwa hiyo kazi: najua renti ni renti, siwezi kuwaambia muache. Lakini kama hujalala hapo, usiandike "bora". Andika kile umeona kwa ramani, hesabu zile ngazi, ongeza hiyo sentensi moja hata kama mteja ataifuta. Ataifuta mara ngapi?

Kuna mama mahali anatoka zamu ya usiku, anasoma hiyo kitu yako kwa treni, na anakuamini.