Kabla Hujampakia Bibie

Kaka, najua unapenda kunyanyua tairi la mbele ili bibie akuone mkali. Ila mimi nakuuliza kuhusu sproketi, zile gia za mnyororo. Ukitoa ya mbele yenye meno 15 ukafunga ya 14, na ya nyuma ikabaki 42, nguvu kwenye tairi la nyuma inapanda kwa asilimia 7 hivi. Ni sawa na kufunga ya nyuma yenye meno 45. Spidi ya mwisho inashuka, injini inapiga kelele zaidi (majirani watakupenda!), na pikipiki inanyanyuka kirahisi. Sasa mpakie bibie: uzito umehamia nyuma. Gia ya kwanza, mafuta kidogo tu, tairi hilo juu, naye hana pa kushika ila shati lako. Kama umeshabadilisha, mwambie kabla hajapanda. Huenda akachagua bajaji.